Dawa zetu zinaishia Mto Nairobi, halafu tunauziwa kwenye sukuma!

Wanakijiji wa jukwaa hili, nina hasira na sitaificha.

Kila mara mto ukisafishwa tunaona watu wa mabuti na glavu wakitoa chupa na nepi, picha zinapigwa, kwisha. Nepi zinaonekana. Kinachoniuma ni kisichoonekana. Watafiti walipima maji ya mito yetu na ya majitaka wakakuta antibiotiki, ikiwemo ile sipro tunayopewa kila tukiumwa tumbo, na hata dawa za UKIMWI (ARV) kama lamivudini na nevirapini. Matokeo yalitoka 2016! Mwaka 2022 utafiti wa mito 258 katika nchi 104 ukaonyesha kwamba sehemu zilizochafuliwa zaidi na dawa ziko Afrika kusini mwa Sahara, Asia Kusini na Amerika Kusini. Hapa mjini nani alishtuka?

Dawa ukimeza, mwili hautumii yote, nyingine inatoka na mkojo. Mwenye choo cha kuvuta, inaenda hadi mabwawa ya majitaka ya Ruai, mashariki mwa Nairobi, ambayo yalijengwa kupunguza kinyesi na vijidudu, si kuondoa dawa. Mtaa usio na sewa, inaingia mtoni moja kwa moja. Nilipeleka tembe za mzee zilizopitwa na muda kwenye kemisti fulani, nikaambiwa, "Mwaga chooni uvute maji." Mtu amevaa koti jeupe ananiambia hivyo!

Sasa nenda Maili Saba, kule karibu na Dandora, uone. Majitaka meusi yenye povu yanaelekezwa kwa mifereji hadi kwenye sukuma na nduma, na jioni mboga hizo ziko sokoni zimefungwa mafungu mazuri. Simlaumu mkulima, maji mengine atayatoa wapi? Lakini antibiotiki kidogo kidogo kwenye maji haziui bakteria, zinawazoesha. Mtoto akishikwa na taifodi, dawa inagonga mwamba.

Na msiniambie ni kiasi kidogo. Kanada, kuanzia 2001, watafiti walitia ziwani homoni ya vidonge vya kupanga uzazi kwa miaka 3, takriban nanogramu 5 tu kwa lita. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo nusura itoweke kabisa.

Kanuni zetu za ubora wa maji za 2006 zilitaja risasi na zebaki. Antibiotiki je? Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, basi hospitali zilazimishwe kusafisha majitaka yao kabla ya kuyaachilia, na kila kemisti ipokee dawa zilizopitwa na muda.

Mlio Ruai kushuka hadi Mto Athi, maji ya visima vyenu yamewahi kupimwa dawa, au huangaliwa floridi na kinyesi peke yake? Mwenye ripoti aiweke hapa.