Hamamu ya nyumba ya shamba Unguja: lipu ya saruji inabanduka

Mwanashamba: Wakuu, nyumba ya zamani ya shamba, kuta za mawe ya matumbawe, unene kama sentimita 55. Nyuma kuna hamamu, yaani bafu la kale, yenye kuba na birika. Ndani ya hamamu lipu ya saruji inabanduka vipande vizima, na chini kwenye ukuta unatoka unga mweupe. Vichwa vya boriti za ghorofani navyo vimeoza. Tukwangue tupige lipu upya, au tuanzie kwingine?

Fundi Chokaa: Tafadhali msirudie saruji. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji inayaziba, chumvi inagandia nyuma yake na kuisukuma lipu. Huo unga ndiyo chumvi yenyewe. Kwangueni kwa tindo na nyundo ndogo, jiwe hilo ni laini. Chumvi itolewe kwa brashi kavu. Mkiosha kwa maji inarudi ndani. Ukuta ukikauka, changanyeni chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, miezi 3 ni bora, na mchanga usiwe wa pwani. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi, na lifunikwe gunia bichi siku kadhaa. Jua likiiwahi, inapasuka nywelenywele.

Bi Mkadiriaji: Kabla ya lipu, pandeni juu ya kuba. Ufa mwembamba tu unatosha kulowesha ukuta mzima. Kagueni pia birika na mfereji wa maji machafu. Hamamu ya Kidichi hapa Unguja, aliyoijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850, ina nakshi nzuri mno za chokaa za Kiajemi, tausi na mitende, na unyevu umezipandisha kuvu. Inauma kuziona.

Seremala wa Mkoko: Boriti huozea kichwani, pale ilipozama ukutani, hasa ikizibwa kwa saruji. Tegemezeni dari kwa nguzo kwanza, kisha badilisheni moja moja, na muache nafasi ya hewa kuzunguka kichwa. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Msivunje ukuta wa kati kutafuta ukumbi.

Mwanashamba: Kuba lina ufa kweli, upande wa birika. Tuuzibe kwa lami?

Fundi Chokaa: Hapana, lami nayo inafungia unyevu. Panueni ufa kidogo, muuloweshe, mjaze chokaa na vipande vya matumbawe, mkishindilia.