Naomba ushauri: ni Mungu anayeniongoza au ni nafsi yangu?

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimeombwa kwenda kuhudumu mbali na ndugu zangu, na jibu linasubiriwa. Nikiomba nasikia msukumo wa kwenda. Nikiinuka, hofu inanirudisha nyuma. Tatizo ni kwamba hata nafsi yangu inatamani kwenda, kwa hiyo sina hakika msukumo huo unatoka wapi.

Gideoni, ili ahakikishe kwamba Mungu atamtumia kweli, aliomba ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili (Waamuzi 6), Mungu akamvumilia. Nabii Yona alipotumwa na Mungu alikimbia, tena kwa nauli yake mwenyewe! Yesu naye hakuficha alichotaka, ila akasema, "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42). Hapo ndipo ninapokwama.

Mliopitia haya, mlitofautishaje amani ya Mungu na tamaa yenu? Na je, kuomba ishara ni kukosa imani?