Shujaa wa kike kapoteza kumbukumbu, namrudishaje?

Msimulizi wa Makole
Wakuu habari za jioni. Naandika stori ya katuni, shujaa wangu ni dada wa Kigogo anaitwa Nyemo, mchana anauza zabibu soko la Majengo usiku anavaa kinyago, uwezo wake ni kuuamrisha upepo na wa Dodoma mnajua upepo huku sio wa kutafuta, na hakuna anayejua siri yake hata mama mdogo anayeishi naye. Sasa kwenye pambano kule mlima Mlimwa anajigonga kichwa kwenye jiwe, anaamka hajui hata jina lake, watu sokoni wanamsifia yule mwenye kinyago na yeye anauliza kwani huyo ni nani. Nilitaka agongwe tena zirudi zote, mnaonaje?

Nesi wa zamu
Akigongwa tena umemuumiza tu, hiyo toa. Halafu mtu akiumia kichwa yanayopotea sanasana ni ya karibu na ajali, ya utotoni ndo yanang'ang'ania. Kusahau mpaka jina lako ni nadra, na mara nyingi inakuja baada ya jambo zito kukutikisa akili, kwahiyo muoneshe kitu cha kutisha hukohuko mlimani.
Ila mikono haisahau kirahisi. Kuna Mmarekani Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo 1953 sababu ya kifafa, toka hapo akawa hashiki jambo jipya. Walimpa kazi ya kuchora nyota huku anauangalia mkono wake kwenye kioo, kila siku anasema hajawahi kuifanya na kila siku anachora vizuri kuliko jana.

Kijana wa Mpwayungu
Basi muheme, ngoma ya Wagogo!! Mpeleke kwenye ngoma, akina mama si wanapiga wameibana ngoma katikati ya mapaja, mmoja amshikishe ya kwake kwa utani tu, mikono inaanza yenyewe anapokezana na wenzake hakosei hata pigo moja, yeye mwenyewe anaiangalia mikono kama ya mtu mwingine. Mara vumbi linaanza kuzunguka kiwanjani na mama mdogo yupo palepale anaona.

Mzee wa Nkuhungu
Mimi naona mnahangaika na jina bure. Jina si mama mdogo analijua, na laini ya simu kasajili kwa kidole, kesho yake tu anaitwa Nyemo kama kawaida. Ishu ni kinyago. Hakumwambia mtu, sasa nani amkumbushe? Hapo ndo stori yako ilipo.

Tabu tupu
Pia angalia usiambiwe umekopi Carol Danvers, shujaa wa katuni za Marvel, naye kapoteza kumbukumbu, kwenye ile muvi ya 2019 ya Captain Marvel wanamuita Vers sababu kibati chake cha jeshi kilivunjika kikabaki kipande cha mwisho wa jina. Usiweke vibati wala cheni shingoni. Muheme ni yetu, hiyo hawana.

Msimulizi wa Makole
Aisee asanteni, jiwe la pili nalifuta leoleo. Sasa mama mdogo akishaona lile vumbi, amwambie au anyamaze?

Mzee wa Nkuhungu
Anyamaze. Wewe mwanao amesahau njia ya kwenda kupigana usiku, utamkumbusha?

Msimulizi wa Makole
Duh. Kumbe adui wa sehemu ya pili ni mama mdogo.