Nilizirai nilipotoa damu mara ya kwanza. Nataka kurudi Jumamosi, nifanye nini nisianguke tena?

Mshonaji wa Katuba:

Jambo kwenu wote. Nina miaka 24, naishi Katuba hapa Lubumbashi, kazi yangu ni kushona. Mwezi wa 10 mwaka jana nilitoa damu kwa mara ya kwanza. Mtoto wa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) ni SS, yaani ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ana miaka 6, na siku hizo alikuwa amelazwa, macho ya njano, viganja vyeupe. Waliomba ndugu wajitokeze, nikaenda.

Naeleza yote, maana huenda kosa limejificha humo. Usiku nilikesha naye hospitalini. Asubuhi nilikunywa kikombe kimoja cha chai, sikula kitu, kwa sababu jirani aliniambia damu hutolewa tumbo likiwa tupu. Joto la mwezi wa 10 mnalijua, kabla mvua haijaanza. Foleni ilikuwa nje, nilisimama muda wa saa mbili hivi. Sindano haikuniuma sana. Mfuko ulipojaa uliegemea kiganja changu nikashangaa jinsi ulivyo na joto, kama mtoto aliyelala. Kisha nikaambiwa nimemaliza, ninyanyuke, mwingine anasubiri kitanda. Nikasimama. Hatua ya nne au ya tano mate yakanijaa mdomoni, jasho la baridi likanishuka shingoni, masikio yakaanza kulia kama nyuki, macho yakaingia giza. Nilipozinduka niko sakafuni, kidevu kimepasuka, ndara moja iko chini ya benchi.

Kovu ninalo mpaka leo. Mama anasema nisirudi, eti damu yangu ni chache. Lakini mtoto ameandikiwa damu tena, na juzi nimepimwa: kilo 54, na damu ya kidoleni wamesema iko vizuri. Sindano siiogopi. Naogopa ile dakika ya kusimama. Ninyi mliozoea mnafanyaje?

Fundi chuma, Kampemba:

Pole sana mdogo wangu, na aksanti kwa moyo huo. Nimetoa mara 14. Mara ya pili nilikaribia kuanguka kama wewe, toka hapo nimejiwekea utaratibu na sijawahi kuuacha.

Maji. Si soda, si chai, maji. Nabeba chupa ya nusu lita, na nikibakiza watu watatu au wanne mbele yangu naimaliza yote. Ukinywa nyumbani asubuhi ukaja kukaa foleni mpaka saa sita, yameshatoka mwilini. Yanatakiwa yawe yameingia muda mfupi kabla ya sindano, robo saa hadi nusu saa. Mfukoni naweka kalanga za chumvi, kwa sababu chumvi inayashika maji mwilini. Usiku uliotangulia nakula bukari (ugali) na maharagi nishibe, nalala mapema.

Pili, miguu. Nikishalala kitandani napishanisha miguu, nakaza mapaja na matako na tumbo, nahesabu mpaka tano, nalegeza, napumua, narudia. Mkono wenye sindano hauguswi, unabaki umelegea. Fanya hivyo tangu sindano inapoingia mpaka utakapoketi. Misuli ikikaza inaisukuma damu iliyo miguuni irudi juu. Wa kitanda cha jirani atakutazama, mwache atazame.

Muuguzi, miaka 9 kazini:

Dada, kwanza usiilaumu damu yako, na umwambie mama hivyo kwa upole. Mtu wa kilo 54 ana damu lita 3 na nusu hivi, na mfuko unachukua mililita 450. Mwili unaweza kuivumilia hiyo. Kinachoangusha ni kingine. Hofu, njaa, usingizi na joto vikikutana na upungufu ule wa ghafla, kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni ambao unatoa amri ya kinyume: moyo unapunguza mwendo pale ambapo ungepaswa kuongeza, mishipa ya damu inalegea, damu inatuama miguuni, kichwa kinakosa. Ukianguka chini kichwa kinalingana na moyo, damu inafika, unazinduka. Ndiyo maana wengi hawazirai wakati sindano iko mkononi. Huzirai wanaponyanyuka, au wakiwa wameshafika kwenye meza ya biskuti.

Wanaopatwa zaidi ni vijana, wenye mwili mdogo, na wanaotoa mara ya kwanza. Wewe ulikuwa yote matatu, tena umekesha, hujala, na umesimama juani. Mimi ningekuwepo nisingekukubalia siku ile.

Maneno ya fundi hapo juu ni ya kweli, yafuate. Ila ongeza haya. Kabla hawajakufunga mkono, sema: "Mara iliyopita nilizirai." Aliyezirai mara moja anaweza kuzirai tena, na akisema mapema atalazwa chali kabisa na kuangaliwa kwa karibu. Ukimaliza, baki umelala dakika 10 hadi 15 hata kama kuna anayekuharakisha. Ni haki yako. Kisha keti ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, ukaze mapaja tena, ndipo usimame. Miayo isiyo na sababu, kichefuchefu, jasho la baridi, masikio kulia: hizo ni taarifa, mwili unakupa nusu dakika au dakika. Usizifiche kwa aibu. Sema, ulale, wakuinulie miguu. Na kama hakuna mtu karibu, lala hapo hapo ulipo, hata chini.

Mtu akikushauri unywe pombe kidogo kuondoa hofu, kataa. Pombe inatoa maji mwilini na inalegeza mishipa. Na usirudi nyumbani kwa manseba, pikipiki ya abiria. Ukizirai nyuma ya pikipiki, kovu la kidevu litaonekana jambo dogo sana.

Na Ijumaa usiku mtu mwingine akeshe na mtoto. Hilo silifanyii mjadala.

Mama wa SS, Ruashi:

Binti yangu, mwanangu ana miaka 11 na amepewa damu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijui hata mtu mmoja katika waliompa. Usiku nikifunga macho huwa nawaombea watu nisiowajua sura. Wewe sasa nakujua kidogo, nitakutaja. Kula sombe (majani ya muhogo) na ndakala (dagaa) wiki hii, na chai isubiri angalau saa moja baada ya chakula, maana inazuia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya majani na maharagi.

Mshonaji wa Katuba:

Nimerudi kuwaambia. Jumamosi nilienda na yaya, mtoto alilala na bibi yake. Nilikula mkate na mayai mawili, nikanywa nusu lita wakiwa wamebaki watu watatu, kalanga nikazimaliza zote. Nilimwambia mama aliyevaa koti jeupe kwamba nilizirai. Alinishika kidevu, akaliangalia kovu, akaniwekea kitanda cha mwisho karibu na dirisha, kichwa chini, hakuna mto.

Nilikaza miguu nikihesabu kama ninavyohesabu mishono ya kola. Mfuko ulikuwa umekaribia kujaa nilipopiga miayo. Miayo miwili, mitatu, na sikuwa na usingizi hata kidogo. Mara ya kwanza ningenyamaza. Safari hii nikasema, "Mama, inakuja." Akainua miguu yangu juu ya sanduku, akaniwekea kitambaa cha maji shingoni, akaniambia nikaze, nilegeze, nipumue. Nyuki walianza masikioni, kisha wakaenda zao. Macho hayakuingia giza.

Nililala dakika 20 kwa saa ya ukutani. Niliketi, nikasimama nimeshika ukingo wa kitanda, nikatembea mpaka kwenye benchi nikanywa soda na maji tena. Kurudi nilipanda taksi-basi, nikapata kiti.

Fundi, aksanti, ile ya miguu ndiyo iliyonibeba. Muuguzi, nimeuliza kwa nini wameniandikia nirudi baada ya miezi minne: wamesema maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na mwanamke anahitaji muda zaidi kurudisha chuma. Mama wa Ruashi, mtoto wetu aliwekewa mfuko Jumapili jioni. Kama ni wangu au wa mtu mwingine hawakusema, na sikuuliza. Jumatatu aliomba bukari.

Mama yangu Jumamosi alinisubiri mlangoni. Hakunisalimu. Alinigeuza uso kwenye mwanga, akaangalia kidevu kwanza.