Plagi za kuchaji magari ya umeme: serikali ichague moja au soko liachwe?

Wakuu, kuna mdau humu kasema serikali isiguse plagi za kuchajia magari ya umeme, soko litaamua lenyewe kama Marekani. Akajibiwa na mwingine kwamba ichaguliwe moja, zilizobaki marufuku. Mimi siko na yeyote kati yao.

Magari ya umeme yanayotufikia Afrika Mashariki mengi ni mtumba wa Japan, hasa Nissan Leaf, au ya China. Fungua kile kifuniko cha puani mwa Leaf utakuta midomo miwili, mdogo wa kuchaji taratibu na ule mkubwa wa duara unaoitwa CHAdeMO, huo ndo wa chaji ya haraka. Gari la Mchina lililotengenezwa kwa ajili ya kwao linakuja na plagi ya China inayoitwa GB/T. Ulaya wao wana CCS2, ile yenye vitundu saba juu na viwili vinene chini. Hakuna inayoingia kwa mwenzake, na msidhani utaenda Kariakoo ukapate adapta ya elfu kumi, maana chaja ya haraka na gari lazima viongee kwanza kabla umeme haujapita, gari linasema nataka volti kadhaa, chaja inajibu, na CCS inaongea tofauti kabisa na hizo nyingine mbili, kwa hiyo adapta inabidi iwe na kompyuta ndani ya kutafsiri ndo maana bei yake inauma.

Sasa hiyo Marekani mnayoitaja. Tesla walikuwa na plagi yao, wengine wengi CCS1, yaani CCS ya kule Marekani. Novemba 2022 Tesla wakaachia mchoro wa plagi yao, Mei 2023 Ford akahamia, Juni General Motors, wengine wakafuata. Sawa, soko likaamua, ila aliyenunua gari la CCS kabla ya hapo leo akitaka chaja za Tesla anatembea na adapta kwenye buti. Na siyo kweli kwamba serikali ilikaa pembeni, ile programu ya dola bilioni 5 za vituo vya barabara kuu ilikuwa na sharti la CCS.

Ulaya walitunga sheria 2014 mapema kabla vituo havijawa vingi, na Tesla huyohuyo alipoleta Model 3 kule 2019 ilikuja na CCS2 bila kelele. Ila kitu ambacho watu hawasemi, ile sheria haikufuta CHAdeMO. Ilisema kituo cha umma cha chaji ya haraka kiwe na CCS2 angalau, ukitaka kuongeza na nyingine ongeza kwa hela yako. Hicho ndicho nakitaka huku, sharti liwe kwa kituo siyo kwa gari. Mwenye Leaf asinyang'anywe gari lake, ataendelea kuchaji nyumbani usiku.

Mtaniuliza je serikali ikichagua inayokufa? Swali zuri, CHAdeMO yenyewe ilitangulia na ilionekana ndo yenyewe, leo Nissan huyohuyo, gari lake la Ariya analouza Ulaya lina CCS. Ndo maana nasema CCS2, maana hata Wachina wakitengeneza gari la usukani wa kulia la kuuza nje, kama BYD Atto 3 ya Uingereza na Australia, wanaweka hiyo. Tukikaa kimya kila mwenye kituo ataweka anayoipenda, tutaishi kama tunavyoishi na soketi za ukutani, sheria ni pini tatu lakini vitu vya pini mbili vimejaa madukani, mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili chaja iingie, na mtoto anaangalia. Kwenye umeme wa volti 400 hakuna cha kalamu.

Bodaboda za umeme ni kesi nyingine. Nairobi na Kigali betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine na madereva wanalalamika kweli, lakini miundo ya betri bado inabadilika kila mwaka, ukifunga umbo lake leo umefunga teknolojia ya leo. Hapo ningeiambia serikali isubiri.

Anayepinga hilo sharti la vituo aje na jibu moja tu: kituo cha barabara ya Morogoro kikiwa na GB/T peke yake, mwenye gari la CCS2 aliyefika na asilimia 6 atalala wapi?