Mjadala: Daladala zipakie bure wenye ulemavu siku ya kliniki, au iletwe gari maalumu?

Mwanamwema wa Konde
Assalaam alaykum. Swali hili nalitoa wazi tubishane kwa hoja. Mwenye ulemavu akiwa na tarehe ya kliniki, gharama ya kumfikisha abebe nani? Wapo wanaosema daladala zilazimishwe kumpakia bure, yeye na anayemsaidia, liwe sharti la leseni ya njia. Wengine wanataka kila wilaya iwe na gari yake ya kuwafuata watu majumbani. Anayetoka Konde kwenda spitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, anaivuka Pemba kaskazini mpaka kusini: daladala ya njia 602 hadi Chake, halafu ya 603 hadi Mkoani. Nauli hizo mara mbili kwa kwenda na kurudi, mara mbili tena kwa msaidizi. Asiyeweza kupanda daladala hukodi gari nzima, yaani alipie viti vyote pamoja na saa za dereva kungoja foleni ya daktari. Hapo ndipo kliniki inapoachwa.

Kalamu ya Wete
Walazimishwe. Sheria ya wenye ulemavu tunayo tangu 2006, Namba 9. Anayeomba njia ya Serikali akubali na masharti ya Serikali.

Utingo Machomane
Mnaamua juu ya gari msizozijua. Dereva na utingo hawana mshahara. Gari ikitoka asubuhi ina deni la mafuta na hesabu ya tajiri, kinachobaki ndio chakula cha watu wawili. Sasa chukueni kigari kimoja, hicho cha magurudumu anachokalia asiyeweza kutembea, kwenye chai maharage, daladala zetu za mabenchi ya mbao. Gari isimame. Mlango uko nyuma, paa fupi, wanaombeba wanaingia wameinama na mmoja wao anakwenda kinyumenyume. Kigari kipandishwe keria, juu ya paa, kifungwe. Kwa haraka kabisa dakika tano, na kushuka tano nyengine, na gari iliyokuwa nyuma ishapita kuchukua abiria wa kituo cha mbele. Dakika hizo nani analipa? Tena kigari ni mzigo kama mzigo mwengine wa keria, na mzigo hulipiwa, hata gunia la mbatata. Spitali itoe tikiti, Serikali ilipe tikiti hizo kwa wakati, gari zitasimama zenyewe bila ya askari.

Kalamu ya Wete
Gunia la mbatata! Yakhe, rudia kusoma ulichoandika. Gunia likichelewa gari hii litakuja na ijayo, mwenyewe anakwenda nyumbani kwa miguu. Kigari kikiachwa, mwenyewe kaachwa.

Bi Fumba
Na mimi neno hilo limenichoma. Mzee akipanda na bakora, bakora hailipiwi. Kwa nini kigari?

Utingo Machomane
Bakora haikai kwenye keria. "Mzigo" kwenye kazi yetu ni chochote kinachofungwa kamba juu. Sikumwita mtu mzigo.

Bi Fumba
Hukumwita, lakini akisikia "mzigo huo shilingi ngapi" mbele ya gari nzima yeye anasikia nini? Semeni "kigari", neno lipo na kila mtu analijua.

Kalamu ya Wete
Neno tu halitoshi. Anayetoza nauli ya kigari avuliwe njia.

Shauri Moja
Kalamu, kwanza sheria yako ni ya zamani. Ipo Namba 8 ya 2022, hiyo ndiyo ya kuisoma. Pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Tanzania imeuridhia 2009. Ibara ya 20 inataka mtu aweze kutembea kwa gharama anayoimudu, na ya 25 inataka huduma za afya ziwe karibu na watu wanakoishi, vijijini pia. Watu wanaikimbilia ya 20, na uzito uko kwenye ya 25. Kliniki ya kupima presha, kubadilisha mpira wa mkojo au kusafisha kidonda ikifanyika Micheweni, huko huko kaskazini, safari ya Mkoani haipo, na mtu asiyesafiri hana nauli ya kugombaniwa.

Kalamu ya Wete
Tarehe ya sheria nimekosea, nakubali. Kuhusu gunia la mbatata sijamsamehe mtu.

Viungo na Mazoezi
Wakati mnagombania neno, vigari vinavunjika. Na vinavyovunjika njiani huvunjikia keria. Utingo anapitisha kamba kwenye sipoku za gurudumu kubwa, gari inaruka shimo, rimu inapinda. Au kigari kinalazwa kifudifudi, uzito wote ukaangukia vigurudumu vya mbele, uma wake ukapinda, na tangu siku hiyo kigari kinavuta upande mmoja. Ufungaji uko hivi: toa mto wa kukalia kwanza, kunja au ng'oa pa kuwekea miguu, kamata kitambaa cha kiti katikati na ukivute juu mpaka kigari kijikunje. Kama magurudumu makubwa yana kifungo cha kuyatoa, yatoe, yaingie ndani ya gari. Kilaze ubavu, kamba ishike fremu sehemu mbili, kamwe isishike gurudumu.

Mto hauendi keria. Mto unakwenda na mwenyewe, chini yake. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii ubao unavyomkata. Kutoka Konde hadi Mkoani juu ya benchi tupu kunatosha kumuanzishia kidonda cha mgandamizo kwenye kikalio, na kidonda hicho hula miezi kupona. Anyanyuliwe au ajinyanyue kwa mikono kila robo saa mpaka nusu saa. Ukimuona abiria anajisukuma juu kwa mikono, usimwambie atulie.

Na huyu jamaa wa daladala yuko sahihi kwenye kitu kimoja: kubeba mtu mlango wa nyuma ni hatari. Hiace nayo kiti cha mbele kiko juu sana kwa sababu injini iko chini yake, kwa hiyo hapo pia ni kunyanyua. Gari ndogo ya teksi kiti chake kinakaribiana kimo na kiti cha kigari, ubao laini wa kutelezea unatosha na msaidizi mmoja. Ndio maana watu hukodi. Wanakimbia kubebwa.

Bi Fumba
Bajaji je? Ni rahisi kuliko teksi.

Viungo na Mazoezi
Masafa mafupi, sawa. Kigari kilichokunjwa kinasimama mbele ya magoti. Ila bajaji haina mlango, na asiyeweza kuzuia kiwiliwili chake anaanguka kwenye kona ya kwanza. Apitishiwe mkanda kifuani ufungwe kwenye fremu ya kiti, na msaidizi akae upande wa nje.

Fundi Zege
Wanaotaka kila daladala ichukue mbao ya kupandishia kigari wafanye hesabu. Mteremko salama wa mtu kujisukuma mwenyewe ni sentimita 1 ya kimo kwa 12 za urefu. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 kutoka chini, mbao inataka mita 7.2. Hata akisukumwa, ukakubali 1 kwa 6, ni mita 3.6. Hakuna gari ya abiria itakayobeba mbao hiyo. Wakiifupisha mpaka mita moja na nusu, kigari kinapinduka kinyumenyume na kichwa ndicho kinachotangulia.

Nyanyueni ardhi badala yake. Jukwaa la zege la sentimita 40 kwenye stendi, na jengine kwenye geti la spitali, kila moja na njia yake ya mteremko ya mita 4.8, na ukingo wa sentimita 10 pembeni ili gurudumu lisitoke. Hapo gari inabakiwa na sentimita 20 tu, na mbao ya mita 1.2 inazimaliza. Zege linajengwa mara moja, linahudumia kila gari.

Utingo Machomane
Hili sasa ni la mtu aliyefikiri. Lakini Hiace mlango uko ubavuni kushoto, chai maharage uko nyuma. Jukwaa likijengwa kando ya barabara tu, chai maharage haiwezi kulifikia. Lazima liwe na pembe ya gari kurudi nyuma. Na ndani kigari kifungwe mikanda minne kwenye sakafu, miwili mbele, miwili nyuma, kikitazama mbele. Breki zake peke yake hazikizuii. Kikitazama ubavuni, kona moja kimelala.

Alama za Mikono
Mada ilikuwa wenye ulemavu, sasa imekuwa vigari. Asiyeona analipa nauli mbili kila safari, yake na ya anayemshika mkono, wala hana kigari. Asiyesikia nauli yake inapotelea kwenye benchi la spitali: jina linaitwa dirishani mara mbili, hajageuka, kadi inarudi chini ya rundo, saa nane anaambiwa aje kesho. Safari nzima imelipwa kwa sababu hakuna aliyemwandikia namba kwenye kikaratasi na kumuonyesha. Hilo halihitaji bajeti.

Nahodha wa Makoongwe
Na visiwani mmetusahau. Makoongwe, Kisiwa Panza, Fundo, Kojani, na Tumbatu kule Unguja, daladala ni ya pili, kwanza bahari. Anayepanga tarehe anaandika saa tatu asubuhi bila kuangalia mwezi. Bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku chache zinazofuata, maji yanajaa alfajiri na jioni, na saa nne hadi saa tano asubuhi yametoka kabisa. Mashua inakaa mbali, mgonjwa anabebwa mgongoni juu ya tope na mwamba, anayembeba akitelezea mwani wanaanguka wote, na kigari kikiguswa na chumvi beringi zake hazimalizi mwezi bila kukwama. Maji mafu, mwezi unapokuwa nusu na siku mbili tatu zinazofuata, mambo yanageuka: asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa. Hayajai sana, lakini hayatoki mbali, mashua inagota karibu na mtu anahamishwa mara moja tu. Tarehe za watu wa visiwani ziwekwe siku hizo.

Shauri Moja
Kliniki nyingi zina siku yake ya wiki. Daktari wa Jumanne ni wa Jumanne, na maji mafu hayaangukii Jumanne kila mara.

Nahodha wa Makoongwe
Basi ichaguliwe Jumanne iliyo karibu zaidi na maji mafu. Ikishindikana, waonwe saa saba badala ya saa tatu, maji yatakuwa yameanza kurudi. Wa visiwani watajwe kwenye daftari, karani aone.

Mwanamwema wa Konde
Na anayesafishwa damu kwa mashine? Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, hana Jumanne ya kuchagua wala mwezi wa kungojea.

Viungo na Mazoezi
Huyo ndiye wa gari maalumu. Anatoka kwenye mashine amechoka, presha imeshuka, akisimamishwa ghafla anaanguka. Asiwekwe juu ya benchi la mbao. Gari chache zilizopo zianze na wao, halafu wenye vidonda, tusigawane kila mtu mara moja kwa mwaka.

Utingo Machomane
Nimesoma yote. Jengeni jukwaa. Kigari kikiingia chenyewe bila ya mtu kubebwa, sitozi. Kikipanda keria, kuna kazi imefanyika, natoza.

Kalamu ya Wete
Na mpaka jukwaa lijengwe, aliyepangiwa kliniki wiki hii akulipe nini?

Utingo Machomane
Nauli yake. Kigari nusu.

Bi Fumba
Nusu ya nini? Ya gunia?