Manesi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) tupeane uzoefu: mafunzo ya kiwewe (trauma, ile alama tukio la kutisha humwachia mtu) yalibadilisha nini kwa kazi yako?

SistaWaNaiti: Wadau habari. Niko ICU hapa Nairobi miaka tisa na hakuna mtu aliwahi kunifundisha mambo ya kiwewe mpaka juzi nikapata mafunzo ya siku mbili. Wacha nianze. Kuna mama alikuwa kwa mashine ya kupumua, kila nikienda kumgeuza anapigana, anavuta mpira wa kupumulia, tukamfunga mikono na bandeji vile huwa tunafanya na kwa faili tukaandika msumbufu. Siku mpira ulitolewa na sauti ikarudi akaniambia, sista, wezi waliwahi kutuingilia usiku wakanifunga hivyo hivyo. Nilishindwa kumwangalia. Siku hizi nataja jina langu, nasema nataka kufanya nini, nangoja kidogo ndio niguse, hata kama amelazwa usingizi na dawa. Nyinyi je?

Baba_Wawili: Sista pole. Mimi nilipata mzee wa bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, vioo vilimtoa jicho la kushoto. Mashine ikilia tu anataka kuruka kitandani, tukadhani ni kuchanganyikiwa kwa ICU, kumbe binti yake ndiye alitueleza. Tulipunguza sauti ya alamu za pale kitandani (kuzima huwezi), tukawa tunamwendea upande wa kulia anakoona. Usiku huo akalala.

Mama_Kahawa: Sisi tulianza daftari la mgonjwa, lile la shule tu. Unaandika leo ni Jumanne, mvua imenyesha, kijana wako alikuja akakushika mkono. Akiamka na zile ndoto za ICU, eti manesi walitaka kumuua, anasoma na familia anaona kumbe hivi ndivyo ilikuwa. Kuna mmoja alisoma ukurasa wa mvua mara tatu akilia.

NesiMpya: Na sisi wenyewe je? Nimepoteza wagonjwa wawili naiti moja nikapanda matatu saa moja asubuhi kama hakuna kitu kimetokea. Ule mwongozo wa kiwewe wa SAMHSA (shirika la serikali ya Marekani la afya ya akili) wa 2014 unataja hata wafanyakazi, lakini kwetu hiyo sehemu inarukwa kila mara.

SistaWaNaiti: @NesiMpya ni kweli mdogo wangu, na mimi sikuigusa hiyo sehemu nikianza. Kwetu tumekubaliana, mgonjwa akifariki, kabla ya kutandika kitanda upya, wote wa hiyo shifti tunasimama hapo dakika mbili na mmoja anataja jina lake. Umelala leo?